Jina Nililoligawa Elburgon

Mmeniuliza sana, na kila mmoja nimemjibu nusu nusu. Wengine niliwaambia nimeibiwa simu, wengine nikasema laini ilizimika, na Mama Vincent nilimkatia kabisa, pole dada, siku hiyo sikuwa na roho ya kuongea na mtu. Sasa nimerudi Molo, cherehani nimeifunika, chai iko hapa karibu, na nitasema yote mara moja ndio nisisimamishwe tena mlangoni mwa kanisa. Wale mliopata ujumbe kutoka namba yangu ati nimelazwa Nakuru na mnisaidie, si mimi niliyeandika. Mimi wakati huo nilikuwa Karagita, Naivasha, nimebeba mjukuu, mzima kabisa, nakula ugali na sukuma. Mliotuma kitu, Mungu awaone, lakini kilimfikia mtu mwingine aliyejiita mimi. Na nyinyi mna afadhali. Aliyeumia ni mama yangu.

Kutoka Olenguruone

Naishi Molo, mnajua, lakini safari yenyewe niliianzia kwa mama kule Olenguruone, kwa sababu kwetu huendi kumwona mzazi mikono mitupu. Faith wangu, yule anayefunga maua kwenye shamba moja la waridi Naivasha, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, msichana. Mama akasema hataki kusikia habari ya maziwa ya pakiti. Alikuwa ametayarisha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, na maziwa yenyewe yalikuwa ya Krismasi.

Krismasi ni ng'ombe. Alizaliwa siku hiyo, baba akiwa bado hai, na baba alipotuacha, Krismasi ndiye aliyebaki na mama. Sisi watoto tumetawanyika. Ukifika pale asubuhi usikie mama anaongea zizini, usidhani ana mgeni. Anamwambia ng'ombe habari ya mvua, habari ya viazi, na kama mmoja wetu amekaa sana bila kupiga simu, anamshtaki kwa Krismasi. Sisi tulikuwa tunacheka. Kaka yangu wa Kericho aliwahi kumshauri auze huyo bibi kizee anunue ng'ombe wa kisasa, na mama hakuongea naye mpaka Pasaka.

Kitu kingine mjue: mama hasomi. Simu yake ni kabambe ya vitufe, na mimi ndiye niliyemwekea mlio tofauti kwa kila mtoto. Wangu ni wimbo wa kanisa. Simu ikiimba, anajua ni Rael, hana haja ya kutazama kioo. Siku niliyomwekea nilijiona mjanja kuliko mafundi wote wa simu wa Molo.

Nilishuka na pikapu ya viazi, nimekaa mbele na dereva, kibuyu mapajani. Mvua ilikuwa imenyesha na kabla ya kufika Keringet tukazama kwenye tope mpaka gurudumu la nyuma halionekani. Wanaume wa pale walitoka na majembe bila kuitwa, wakachimba huku wakimwambia dereva kwamba viazi vyake vimeshiba kuliko yeye. Mama mmoja akaniita nyumbani kwake nikaote moto, akanipa chai na kiazi cha kuchoma. Akauliza nakwenda wapi, nikamweleza: Naivasha, kwa binti, mtoto ni msichana, kilo zake hizi, kibuyu ni cha mama. Alifurahi kama mjukuu ni wake. Akaongeza kiazi kingine cha Faith, nikakila mimi kabla ya Molo. Mimi ni mtu wa kuongea, hamjanijua leo, na maisha yangu yote hiyo tabia imenipa chai kwa watu nisiowajua.

Elburgon

Gari nililopanda Molo lilikata roho tukiingia Elburgon. Dereva akafungua boneti, akatazama, akafunga, akatuambia kifaa kinaletwa kutoka Nakuru, tusiende mbali. Mkisikia dereva anasema msiende mbali, nendeni mkale. Nikabeba kibuyu changu mpaka hoteli moja ya mabati karibu na kiwanda cha mbao, ambapo misumeno inalia mpaka mnaongea kwa kupiga kelele, na unga wa mbao unakufuata hadi kwenye kikombe. Nikaagiza chapati na ndengu.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye gari akaja kuketi mbele yangu. Rika langu, sweta ya zambarau, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, mtu ambaye ungemwachia mtoto. Akanisalimia kwa lugha ya nyumbani, "chamgei", na mimi moyo ukafunguka. Nataka kuwa mkweli hapa: yeye hakuanza kunihoji. Mimi ndiye niliyemuuliza kwanza ni wa wapi.

Wale wenu ambao si wa kwetu, niwaelezee. Sisi tukikutana hatuanzi na jina, tunaanza na nyumbani. Wewe ni wa kwa nani? Mama yako alizaliwa wapi, ukoo gani? Umeolewa upande gani? Mnakwenda hivyo mpaka mpate mahali mnapogusana, na daima mtagusana, hata kama ni kwa shangazi wa shemeji. Usipoulizwa unaona umedharauliwa. Usipojibu, wewe ndio uko na maringo. Basi nikamwambia. Jina la mama na la marehemu baba, kijiji, ukoo, kaka yangu wa Kericho, Faith na mtoto. Akaweka chapati chini, akanitazama, akasema mama yake mzazi ni wa ukoo wetu.

"Basi wewe ni dada yangu," akasema. "Na nilitaka kula nikiwa nimekupa mgongo."

Alisema anaitwa Emily. Tulikula sahani moja kuanzia hapo. Nilimwambia tulivyozama kwenye tope Keringet, na kwamba mama anaishi peke yake na ng'ombe. Nilimwambia hata mambo ya mlio wa simu, kwa sababu nilitaka asifu ujanja wangu. Alinisifu.

Kisha tukabishana nani mkubwa. Akaniambia haiwezekani nimemzidi, ngozi yangu ni ya msichana. Nani anakataa maneno kama hayo? Nikatoa kitambulisho kumwonyesha tarehe. Akaiona picha, akacheka mpaka akashika meza, na haki alikuwa na sababu ya kucheka, kwa sababu pale nimetoka kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa wenyewe. Akatoa chake, nacho kilikuwa kibaya vilevile. Hapo mimi, si yeye, mimi Rael, nikasema tupige selfi. Tukashika vitambulisho karibu na mashavu, tukakunja sura kama zile za kwenye picha, nikapiga. Nikairusha mtandaoni na kwenye grupu letu la kanisa nikaandika: nimepata dada Elburgon, tazameni sura za kipande.

Nyinyi wenyewe mliiona. Mlicheka, mkaweka vidole gumba, mmoja akaandika kwamba tunafanana. Sisemi ni makosa yenu. Nasema tu kwamba tulikuwa wengi na hakuna aliyesema, Rael, funika namba.

Elburgon hadi Nakuru

Kifaa kililetwa mchana umeshasonga. Emily alikaa kando yangu, akanibebea kibuyu nikisinzia. Tulipeana namba kabla ya Njoro. Aliandika yangu, akanipigia mara moja ikalia, akasema sasa hatutapotezana tena.

Nakuru ndiyo nilimpenda kabisa. Kijana wa kupakia magari ya Naivasha alikiona kibuyu akakataa kuniingiza. "Mathe, hiyo ni busaa, mi siwezi beba pombe," akasema, na watu wakageuka kunitazama, mimi na kitambaa changu cha kikundi cha akina mama wa kanisa. Emily akachukua kibuyu, akakifungua, akamsogezea puani, akamwambia kwamba kama mama yake mzazi angesikia anaita maziwa ya mzazi pombe, angemkana. Kijana akaomba msamaha. Akanipa kiti cha mbele.

Emily aliniwekea ndizi mapajani, za Faith, akasimama pale dirishani mpaka gari likajaa. Mara mbili aliniambia nikifika nimpigie ndio alale vizuri. Nilimwambia mama atafurahi nikimweleza kwamba nimepata mtu wa ukoo njiani. Akasema nimsalimie mama.

Hadi leo sijui nimweke wapi yule mwanamke moyoni. Ningekuwa nimeporwa na mtu wa kisu ningejua cha kumwita. Huyu alinitetea mbele ya watu.

Nakuru hadi Karagita

Tulipopita Gilgil nilipiga picha ya barabara nikaandika kwamba naingia Naivasha, kumbukeni safari yangu kwa maombi. Sasa nikifikiria, nilikuwa namtumia mwizi ratiba. Mtu akitaka kukudanganyia wazazi, anachohitaji ni kujua uko wapi na uko mbali kiasi gani, na mimi nilikuwa namtangazia bure.

Nilifika Karagita jioni, wakati wafanyakazi wa mashamba wanarudi, wengine kwa miguu, wengine watatu kwenye boda boda moja. Faith amepanga chumba kimoja kwenye safu ndefu ya vyumba, bomba la maji ni la wote, na majirani walishajua kwamba nakuja. Walinipokea kibuyu kwa vigelegele. Faith alikunywa kikombe cha kwanza akafunga macho, akasema, "Hii ni ya Krismasi," na akalia kidogo kama wanavyolia waliotoka kujifungua. Mtoto ana paji la uso la mama yangu, hilo nililiona hata kabla ya kuvua viatu.

Nilitaka kumpigia mama nimwambie. Simu ikasema hakuna netiwaki. Nikaizima nikaiwasha, hakuna. Faith akanionyesha yake, netiwaki imejaa, na sisi sote tuko kampuni moja ya simu. Nikasema hii simu yangu ni kuukuu, labda imelowa kule kwenye tope. Kesho yake ikawa vilevile, na niwaambie ukweli, nilifurahi. Hakuna mteja wa kuniuliza sare ya mtoto wake itaisha lini. Nilifua nepi, nikapika uji, nikaogesha mtoto kwenye beseni, nikajisemea kwamba kumbe raha ni hii.

Sikilizeni. Simu yako ikikosa netiwaki ghafla na ya jirani iko nayo, usikae kunywa uji. Azima simu palepale, piga kwa kampuni yako, uliza kama kuna mtu amehamisha laini yako. Mimi ningeuliza jioni ile, mama angelala na ng'ombe wake.

Asubuhi iliyofuata simu ya Faith ikalia. Alikuwa Baba Mercy, jirani ya mama kule nyumbani, mtu mpole ambaye sijawahi kusikia akipandisha sauti. Faith aliweka kwa spika kwa sababu alikuwa ananyonyesha.

"Faith, mama yako yuko wodi gani? Niko hapa Nakuru nimemletea uji, nimezunguka zote simwoni."

Faith akacheka, akamwambia mama yuko hapa anaanika nepi. Nikaichukua simu nikamwambia, Baba Mercy, ni mimi.

"Wewe nani?"

"Rael."

"Rael amegongwa na gari," akasema. "Niliongea naye mwenyewe. Wewe ni nani?"

Nikamwambia aniulize kitu chochote cha nyumbani, nitajibu. Akasema hata yule alijua kila kitu cha nyumbani. Hapo nikakaa kwenye beseni la nguo. Nikaanza kumtajia watoto wake, na jinsi Mercy alivyoungua mkono akiwa mdogo tukamkimbiza zahanati mimi na yeye, na nikasikia anapumua kwa nguvu.

"Rael," akasema, "ng'ombe tumeshauza."

Alinieleza palepale, akiwa amesimama katikati ya barabara ya hospitali na chupa yake ya uji. Siku iliyotangulia, asubuhi, simu ya mama iliimba ule wimbo wangu. Sauti ilikuwa dhaifu, ikasema ni Rael, nimegongwa nikishuka garini Nakuru, mdomo umevimba ndio maana siongei vizuri. Iliongea lugha yetu. Iliulizia kama mama anajua kwamba tulizama kwenye tope Keringet. Ikasema madaktari wanataka kupasua na kuna kitu lazima kilipwe kwanza. Kaka wa Kericho ameshaambiwa, yuko njiani. Na Faith asipigiwe kabisa, kwa sababu ni mzazi, akishtuka maziwa yatakatika.

Hayo maneno ya maziwa ndiyo yaliyommaliza mama. Ni maneno ya mwanamke wa kwetu. Mwizi wa kawaida hangeyajua, na mimi mwenyewe kule hotelini nilikuwa nimemsimulia Emily namna ninavyomkinga Faith na habari mbaya. Baba Mercy akaitwa, akamtoa Krismasi zizini, akampeleka sokoni siku ambayo si ya soko, akampa mchuuzi wa kwanza kwa chochote alichotaja. Hela zikatumwa kwa namba yangu. Baadaye ile namba haikushika tena, mama akashinda na kulala ameketi, na alfajiri akamtuma Baba Mercy na uji.

Nilipiga simu kwa mama kutumia simu ya Faith. Alishika. Nikasema, mama, ni mimi, niko salama. Akakata.

Kurudi Nakuru

Nilimwacha Faith analia na mtoto analia. Baba Mercy alinisubiri stendi. Aliponiona alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akanishika mkono juu ya kiwiko akauminya, kama mtu anayejaribu parachichi. Kisha akafungua chupa akanipa ule uji, na nilikunywa wote nikiwa nimesimama kwa sababu sikujua namna ya kumkatalia.

Kwenye duka la kampuni ya simu tulihudumiwa na msichana mtaratibu. Ili kunirudishia laini akaanza kuniuliza: jina kamili, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, namba nilizopigia karibuni. Maswali yote ni yale niliyoyajibu Elburgon kabla hata hayajaulizwa. Kwenye namba za karibuni nilikosea. Akaniambia kwa upole kwamba aliyekuja kwa jina langu hakukosea hata moja. Bila shaka hakukosea, alikaa kando yangu mpaka Nakuru akinitazama nikipiga.

Nilimwonyesha ile selfi. Akaikuza kwa vidole viwili. Namba yangu ilisomeka yote, jina lote, tarehe, mahali pa kuzaliwa. Kitambulisho cha Emily kilikuwa kimelala chini ya kidole gumba chake, umebaki uso tu, na huo uso wenyewe umekunjwa kwa kicheko hadi huwezi kumtambua akipita. Mimi nilikuwa nimeitazama picha hiyo mara ngapi nikifurahi, na sikuwa nimeona kidole.

Mambo aliyonishauri yule msichana nimeyafanya, na nyinyi myafanye leo, msingoje. Kadi ya laini ina namba yake ya siri, mbali na ile ya kufungua simu, iwekeni. Kitambulisho kisipigwe picha ya mchezo, na ukilazimika kutuma nakala yake, andika juu yake imetumwa kwa nani na kwa kazi gani. Picha za safari ziwekwe ukisharudi. Na nyumbani kwenu chagueni neno moja ambalo halijawahi kuandikwa popote, mtu akipiga akilia anaomba msaada, aulizwe hilo neno kwanza hata kama analia kweli.

Polisi waliandika maelezo. Askari alikuwa mtu mzuri, akaniuliza jina la mshukiwa, nikasema Emily, akauliza Emily nani, wa wapi, wa kwa nani. Nikagundua sijui. Tulikaa muda wote ule tukitafuta mahali tunapogusana, na mimi ndiye niliyekuwa nasema. Yeye alikuwa anakubali tu. Namba yake haipatikani mpaka leo.

Laini iliporudi, jumbe zenu ziliingia mfululizo, pole Rael, tunakuombea Rael. Nilizisoma nikaona aibu kama nimewalaghai mimi.

Kupanda Mau

Baba Mercy alimpigia mama kwa simu yake mwenyewe akamwambia nimepatikana, niko mzima, hakuna ajali. Mama alijibu kitu kimoja tu: niletwe anione. Tulilala Molo, yeye kwa shemeji yake, na asubuhi tukapanda milima ya Mau.

Njiani Baba Mercy aliniomba msamaha tena na tena. Alisema angekataa kuuza, angesema twende kwanza hospitali tukaone. Nikamwambia kama angekataa, na mimi ningekuwa nimegongwa kweli, leo angekuwa anaomba msamaha wa kitu kingine. Alikuwa ameshampigia yule mchuuzi. Krismasi aliingia kwenye lori siku ileile, na lori lilikuwa la kichinjio. Aliniambia hivyo akitazama nje ya dirisha.

Mama alikuwa ameketi nje kwenye kigoda. Hakuinuka. Aliniita nikapiga magoti mbele yake, akanipapasa uso, mdomo hasa, akitafuta uvimbe. Alipoona haupo akashusha pumzi, akasema nimekonda. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Nililia nikamwambia yote, Elburgon, chapati, selfi, yule dada, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho na kuuliza kama Faith ananyonyesha vizuri. Kisha akaingia jikoni akatutengenezea chai ya rangi. Sijawahi kunywa chai ya rangi katika nyumba ile.

Baba Mercy alipoondoka nilimuuliza mama kitu kilichokuwa kinanikaba. Jirani alikuwa ameniambia kwamba alipotoka na ng'ombe, mama alikuwa kwenye simu, na aliporudi kutoka sokoni kumwambia pesa zimeenda, mama alikuwa bado kwenye simu ileile. Asubuhi nzima. Waliongea nini?

Mama akasema yule msichana, bado anamwita msichana, alimwambia daktari amekataza asilale, akilala hataamka, kwa hivyo mama amwongeleshe asikate. Mimi najua sasa ni kwa nini. Alitaka simu ishughulike mama asipate nafasi ya kumpigia mtu mwingine. Lakini mama hakujua, akaongea. Akamwambia habari za baba walipokutana. Akamwambia habari za njaa moja ya zamani. Maneno yakamwishia, sauti ikaanza kufifia kama inalala, mama akaogopa, basi akaanza kumsimulia siku aliyonizaa.

Mimi siijui hiyo hadithi. Najua mwaka na tarehe, zile zilizo kwenye kitambulisho. Sikuwahi kuuliza zaidi, na mama si mtu wa kuanza mwenyewe. Mimi humpigia nikiwa na nguo mkononi, mama umeamkaje, umekula, haya, nitapiga kesho. Ninyi mnanijua.

"Alisikiliza vizuri," mama akasema. "Aliniuliza kama mvua ilikuwa inanyesha. Aliniuliza nilikuwa na nani. Watoto wangu hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye. Nikamwambia, mama, niambie na mimi. Nina muda wote.

Alifungua mdomo kuanza. Kisha akageuka akatazama upande wa zizi, akatingisha kichwa, na nikaona amechoka kuliko nilivyowahi kumwona. Akaweka mkono juu ya wangu.

"Si nilishakuambia, Rael," akasema. "Hata ulilia."